Msiba Usio na Matanga

Mtu akifiwa kwetu, pwani na bara, hupewa nafasi ya kulia. Mkeka hutandikwa, majirani huleta sufuria na kuni, watu hukaa hata wasipokuwa na la kusema, na siku zikitimia matanga huanuliwa, kila mmoja akarudi shambani au ofisini. Hata mdai mkali wa mtaa anajua kwamba siku hizo hagongi mlango. Taratibu hizi zilitungwa na watu wenye busara, nami sina ugomvi nazo. Ila zinamtaka mfiwa awe na maiti. Zinadai kilichokwenda kiwe kimekwenda kweli, kisirudi.

Sasa mchukue mtu aliyeamka jicho lake moja lina ukungu. Likafifia kwa siku tatu, kila akiligeuza linauma, rangi nyekundu ikapauka. Baada ya wiki kadhaa likarudi. Mwaka uliofuata ganzi ikapanda kutoka nyayo hadi kiunoni, ikakaa mwezi mzima, ikaondoka na kuacha mabaki kwenye vidole. Kisha ukaja uchovu ambao usingizi hauutoi, na kibofu kisichosubiri. Baadhi ya vitu hivi alivipoteza akarudishiwa, vingine akarudishiwa nusu. Huyu atandikiwe mkeka lini? Akilia kwa ajili ya jicho, jicho lipo. Akishukuru kwa ajili ya mguu, mguu hauaminiki tena.

Ugonjwa huo ni maltipo sklerosisi, ambao wagonjwa na madaktari wao huuita MS. Chembe za kinga, zile zilizowekwa kuulinda mwili, huingia kwenye ubongo, uti wa mgongo na neva za macho, zikachubua mailini, yaani utando wa mafuta unaozizunguka nyuzi za neva na kuzipa kasi. Ujumbe kutoka kichwani huchelewa, hupotoka au haufiki kabisa. Mwili ukiweza hutengeneza utando mwingine, mwembamba kuliko wa kwanza, na ndiyo sababu ya yale marejeo. Duniani kuna takriban watu milioni 2.9 wenye ugonjwa huu. Wanawake wanauugua mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaume, na kwa kawaida huanza kati ya miaka 20 na 40, umri ambao watu wanaoa, wanazaa na wanajenga.

Msiba wa namna hii una shajara ya kale, na mwenyewe hakuwahi kujua anaumwa nini. Augustus d'Esté alikuwa mjukuu wa Mfalme George wa Tatu wa Uingereza. Baba yake, mwana wa mfalme, alifunga ndoa bila idhini ya mfalme, kinyume cha sheria ya mwaka 1772, na ndoa hiyo ikabatilishwa mwaka 1794, mtoto akiwa hajatimiza hata mwaka mmoja. Kwa hiyo alianza kupoteza mapema. Desemba 1822, akiwa na miaka 28, alisafiri hadi nyanda za juu za Scotland kumtembelea jamaa aliyempenda kama mzazi. Alipofika alikuta ameshafariki. Anasimulia kwamba mazikoni palikuwa na watu wengi, naye akashindana na nafsi yake asilie, akashindwa. Muda mfupi baadaye macho yake hayakuweza kusoma barua, ikabidi asomewe na kuandikiwa majibu. Hakutumia dawa yoyote, na macho yakapona.

Aliendelea kuandika kwa zaidi ya miaka 20. Mwaka 1827, akiwa Florence, alianza kuona kila kitu viwili viwili. Akawekewa ruba kwenye panja, macho yakatengemaa, na punde miguu ikamlegea. Madaktari wake walimpa walichokuwa nacho: bafu za kila aina, kupanda farasi, na kuna aliyemwamuru ale nyama ya ng'ombe mara mbili kwa siku pamoja na mvinyo. Anaandika ni hatua ngapi aliweza kutembea, anaandika aibu ya kitandani, anaandika kiti chenye magurudumu. Kila panapokuwa na nafuu kidogo, anatumaini upya. Alifariki Desemba 1848. Miaka 20 baadaye, mwaka 1868, Jean-Martin Charcot wa hospitali ya Salpêtrière mjini Paris ndiye aliyeueleza ugonjwa huo kwa ukamilifu, baada ya kulinganisha dalili za walio hai na mabaka aliyoyaona kwenye ubongo wa waliokufa.

Kwa msomaji wa leo, kishawishi ni kikubwa cha kusema: asingejizuia vile pale mazikoni, pengine macho yangesalimika. Tunaupenda mno usemi wa aina hiyo. Tunaambiana kwamba fulani aliumwa kwa kuweka mambo moyoni, kana kwamba maradhi ni adhabu ya watu wakimya. Machozi yaliyozuiliwa hayachubui mailini. Karne moja na nusu baada ya d'Esté, Jacqueline du Pré, mpigaji chelo wa Kiingereza aliyerekodi konseto ya Elgar akiwa na miaka 20, alianza kupoteza hisia za vidole, na kwa muda ilidhaniwa ni uchovu wa neva tu. Mwaka 1973 alipopiga jijini New York alikuwa akiangalia kwa macho mahali pa kuweka vidole juu ya nyuzi, kwa sababu vidole vyenyewe havikuwa vikimwambia kitu. Mwaka huohuo aliambiwa ni MS. Hakurudi tena jukwaani kama mpigaji, na alifariki Oktoba 1987, akiwa na miaka 42. Dawa ya kwanza iliyothibitishwa kupunguza mashambulio ya ugonjwa huo, intaferoni beta, iliidhinishwa Marekani mwaka 1993.

Watu wengi wakielezwa kwamba kinga ya mwili ndiyo inayoula mwili, hukimbilia methali ya kikulacho ki nguoni mwako. Mimi naona methali hiyo haifai hapa. Inatufundisha kumtafuta msaliti, na katika ugonjwa huu kumtafuta msaliti kunapoteza muda. Chembe zinazoitambua mailini na kuweza kuishambulia zimo katika damu ya watu wazima wasio na ugonjwa wowote; yamkini zimo katika damu yako unaposoma hapa. Nyingi za aina hiyo huchujwa utotoni ndani ya thimasi, tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kifua, lakini mchujo si kamili, na zilizoponyoka huishi nasi miaka yote bila kudhuru. Tofauti kati ya mzima na mgonjwa iko kwingine: kama kuna wa kuziambia basi, na kama sauti yake inasikika.

Huyo wa kusema basi alichukua muda mrefu kupatikana. Mwaka 1995 Shimon Sakaguchi wa Japani alionyesha kundi dogo la chembe za kinga ziitwazo seli T, ambalo kazi yake ni kuzituliza seli nyingine. Panya aliyenyang'anywa kundi hilo alishambuliwa na kinga yake mwenyewe. Wakati huo, huko Marekani, kulikuwa na ukoo wa panya waliojitokeza tangu miaka ya 1940 katika maabara ya Oak Ridge, jimbo la Tennessee. Baadhi ya madume wao walizaliwa na ngozi yenye magamba, wengu na tezi zikivimba, wakafa baada ya wiki chache. Mary Brunkow na Fred Ramsdell waliitafuta jeni yenye kasoro, wakabakiwa na 20 za kuchunguza, na ilikuwa ya mwisho kabisa. Wakaipa jina Foxp3 mwaka 2001, na ikaonekana kwamba watoto wa kiume wenye ugonjwa mkali wa kinga kujishambulia walikuwa na kasoro kwenye jeni hiyohiyo. Miaka miwili baadaye Sakaguchi na wengine wakaunganisha habari hizo mbili: jeni hiyo ndiyo inayozifanya seli za kutuliza ziwe za kutuliza. Oktoba 2025 watatu hao wakatunukiwa Tuzo ya Nobel ya tiba.

Nimeieleza historia hii kwa sababu inageuza fikra moja tuliyoizoea. Tunadhani amani ya mwili ni hali ya kawaida na vita ndiyo inayohitaji kuelezwa. Panya wa Oak Ridge wanaonyesha kinyume chake. Amani ni kazi inayofanywa na seli zinazojulikana, kwa kutumia jeni zinazojulikana, mchana na usiku, na mfanyakazi akiiacha hata kwa wiki chache panakuwa na kaburi.

Kwa wagonjwa wa MS habari haikuwa rahisi kiasi hicho. Mwaka 2004 watafiti wa Boston walizichukua seli hizo za kutuliza kutoka kwa wagonjwa na kuzilinganisha na za watu wazima. Idadi ilikuwa sawa. Walipoziweka pamoja na seli zinazopaswa kutulizwa, za wagonjwa zilishindwa kazi. Mwaka uliofuata kundi jingine likaripoti kwamba katika seli hizo kiwango cha FOXP3 kilikuwa pungufu. Nafikiri hapa ndipo penye uchungu wa aina ya pekee. Aliyepotelewa na mtu anaona kiti kitupu. Hapa viti vyote vina watu, hesabu imetimia, na bado kilichokuwapo hakipo.

Jeni inaweza kuwepo nzima, herufi zake zote zikiwa mahali pake, na isisikike. Kila seli yetu ina karibu seti ileile ya jeni. Kinachoitenga seli ya ini na seli ya damu ni zipi zinafanya kazi na kwa nguvu gani. Jeni ikifanya kazi hutoa nakala za RNA, na nakala hizo zinaweza kuhesabiwa. Muuguzi anafunga mpira mkononi, anajaza kichupa kwenye mshipa, maabara inaizuia RNA isiharibike, kisha mashine inasoma: jeni hii inasema kwa sauti, ile inanong'ona. Herufi za kurithi peke yake hazitoshi kueleza nani ataumwa. Pacha wa kufanana wa mgonjwa wa MS, mwenye jeni zilezile, huupata ugonjwa takriban mara moja kati ya nne. Watatu waliobaki walirithi herufi zilezile na hawakuumwa.

Mwaka 2010 na 2011 watafiti wa Orbassano, karibu na Turin, Italia, walichapisha walichokisoma katika damu ya namna hiyo. Kwa wagonjwa wa MS ambao hawajaanza dawa, jeni kadhaa zenye kazi ya kuzima mchochota zilikuwa zimeshuka sauti, miongoni mwake TNFAIP3, NR4A2 na SOCS2. Majina hayo hayana mvuto, najua. Lakini kaa kidogo na ya kwanza. TNFAIP3 inatengeneza protini iitwayo A20, inayokata mnyororo wa ishara unaowasha mchochota ndani ya seli. Na kinachoiamsha jeni hiyo ni mnyororo uleule inaokuja kuukata. Maana yake, katika mwili mzima hasira huzaliwa ikiwa imebeba mwisho wake. Kadiri moto unavyowaka ndivyo unavyomwita mzimaji. Mtu akipungukiwa na TNFAIP3 hapungukiwi hasira wala sababu za hasira. Anapungukiwa mwisho wake.

Watafiti hao wenyewe walizungumza habari za breki, na kwa msomaji aliyepita barabara ya Iringa mfano huo hauhitaji maelezo. Gari lililokwisha breki halijulikani likiwa tambarare. Linang'aa, linapiga honi, abiria wanasinzia. Mteremko wa Kitonga ndio unaolisema. Kwa mgonjwa wa MS mteremko unaweza kuwa mafua ya kawaida: imeonekana tangu miaka ya 1980 kwamba mashambulio huongezeka katika wiki zinazozunguka maambukizi ya virusi. Jirani alipiga chafya siku tatu akapona. Huyu alipiga chafya, na kinga yake ikaendelea kushuka mlima baada ya virusi kwisha.

Jambo lililowafikisha watafiti wa Turin kwenye jeni hizo ni ujauzito, na hapo ndipo ninapotaka kukaa.

Kwa miaka mingi wanawake wenye MS walishauriwa wasizae. Ushauri huo ulitolewa kwa nia njema na kwa ushahidi haba, na hakuna awezaye kuhesabu watoto ambao hawakuzaliwa kwa sababu yake. Mwaka 1998 Christian Confavreux wa Lyon na wenzake walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanawake 254 katika nchi 12 za Ulaya. Mwaka mmoja kabla ya mimba, kiwango cha mashambulio kilikuwa 0.7 kwa kila mwanamke kwa mwaka. Katika miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito kilishuka hadi 0.2. Katika miezi mitatu ya kwanza baada ya kujifungua kikapanda hadi 1.2, kisha kikarudi kilipokuwa. Dawa za wakati ule hazikuweza kushusha ugonjwa kiasi hicho, na mtoto aliye tumboni aliweza.

Sababu ya jumla inaeleweka. Nusu ya mtoto ni ya baba yake, kwa hiyo kwa macho ya kinga ya mama yeye ni mgeni. Mwili unaotaka kuzaa lazima ujifunze kumvumilia mgeni huyo miezi tisa bila kulala mlango wazi kwa maradhi mengine. Watu wa Turin walichukua damu ya wanawake wenye MS kabla ya mimba na katika mwezi wa tisa. Jeni saba zilizokuwa hazilingani na za wanawake wasio na ugonjwa zilikuwa zimerudi kwenye kiwango chao kufikia mwezi wa tisa, TNFAIP3 na NR4A2 zikiwemo. Sauti iliyonyamaza ilisikika tena. Hazikuwa zimekufa, kumbe. Zilikuwa zinaweza kuitwa.

Sijui faraja gani inaumiza zaidi ya hii. Mwanamke anaishi miezi mitatu akiwa mzima kuliko alivyokuwa miaka mitano, anapanda ngazi, anashika kijiko bila kukiangalia. Kisha anajifungua, na katika wiki ambazo nyumba imejaa vigelegele na uji wa mzazi, ulinzi unaondoka na kondo la nyuma. Amepata mtoto na amepoteza kilichomlinda, kwa siku moja. Wanaokuja kumpongeza hawana habari ya hasara hiyo, na akisema miguu imekuwa mizito wataambiana ni uzazi. Haki inataka niongeze kwamba wengi hawapati shambulio: katika kundi lile la wanawake wa Ulaya, asilimia 28 ndio walioshambuliwa ndani ya miezi mitatu hiyo, na tafiti za baadaye zinaonyesha kwamba wanaonyonyesha maziwa ya mama pekee hushambuliwa kwa uchache zaidi. Ushauri wa kutozaa umeshaachwa. Lakini hata kwa yule ambaye hakushambuliwa, miezi ile ya mwisho ilimwonyesha mwili alioupoteza ukoje.

Kuna somo jingine la kupata na kupoteza kwa pamoja, nalo limetoka Argentina. Mwaka 2007 Jorge Correale na Mauricio Farez wa Buenos Aires waliripoti kuhusu wagonjwa 12 wa MS ambao walikutwa na minyoo ya tumbo. Kwa zaidi ya miaka minne hao walipata mashambulio matatu tu kwa jumla. Wenzao 12 wasio na minyoo walipata 56. Katika damu yao seli za kutuliza zilikuwa nyingi na zenye kazi. Mnyoo hutaka kuishi ndani ya mtu bila kufukuzwa, hivyo huichochea kinga itulie, na utulivu huo ukamfaa mwenye nyumba. Baadaye wanne kati yao waliugua kwa sababu ya minyoo yenyewe, wakapewa dawa. Minyoo ilitoka, seli za kutuliza zikapungua, na MS ikaamka. Kwetu, ambako wanafunzi hupangwa mstari kumeza albendazole, habari hiyo inachekesha na kutisha kwa wakati mmoja. Sitaki mtu aache kumpa mtoto dawa ya minyoo; safura na kudumaa vina makaburi yao. Nasema tu kwamba hakuna usafi usio na gharama.

Na kama tunazungumzia Afrika Mashariki, deni tunalodai katika habari hii ni la kweli, ingawa halitajwi sana. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Mulago, Kampala, alieleza mwaka 1958 uvimbe wa taya uliokuwa ukiwaua watoto wa Uganda. Vipande vya uvimbe huo vilisafirishwa kwa ndege hadi London, na ndani ya seli zilizokuzwa kutoka humo Anthony Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong wakaviona virusi vipya mwaka 1964. Leo vinaitwa virusi vya Epstein-Barr, na karibu kila mtu mzima duniani anavyo. Mwaka 2022 watafiti wa Harvard walichapisha matokeo yaliyotokana na damu iliyohifadhiwa ya wanajeshi wa Marekani zaidi ya milioni 10: aliyeambukizwa virusi hivyo alikuwa na hatari ya MS mara 32 zaidi. Sehemu kubwa ya watoto wetu huvipata wangali wadogo, bila dalili, na MS ni nadra zaidi kwetu kuliko Ulaya ya kaskazini, ambako wengi huvipata ujanani. Watoto wa Kampala waliotoa vipande vile vya taya hawakuokolewa na ujuzi huo. Majina yao hayakuingia kwenye jina la virusi.

Damu ileile ya wanajeshi ilisema jambo jingine. Neva ikiumia, vipande vya protini yake huvuja hadi kwenye damu, na sasa vinaweza kupimwa. Kwa wanajeshi waliokuja kupata MS, vipande hivyo vilikuwa vimeanza kuongezeka hadi miaka sita kabla ya dalili ya kwanza. Miaka sita mtu anakimbia mchakamchaka, anapiga picha za harusi, anapanga mafao, na tayari anapoteza. Siku anayoambiwa jina la ugonjwa, yeye na jamaa zake hudhani hasara imeanza siku hiyo. Kwa hesabu ya damu wamechelewa sana.

Je, kilichonyamaza kinaweza kurudishiwa sauti kwa makusudi? Wapo wanaojaribu, na wanastahili kutiwa moyo na kuchungwa pia. Machi 2006, katika hospitali moja ya London, vijana sita wenye afya walichomwa dawa mpya iliyokuwa imeonekana kwa panya kuongeza seli za kutuliza. Kipimo kilikuwa sehemu moja ya 500 ya kile kilichowaacha nyani salama. Baada ya saa chache wote sita walikuwa mahututi, kinga yao imelipuka badala ya kutulia. Walipona, ingawa mmoja alipoteza vidole vya miguu na ncha za vidole vya mikono. Kwa hiyo mtu akikuuzia unga wa mizizi au kidonge cha kuongeza kinga kwa mgonjwa wa MS, mwambie kinga ya mgonjwa huyo haijapungua. Amuuzie mwingine.

Vipimo hivi vya jeni havijafika kwenye dirisha la maabara ya hospitali ya mkoa, na sidhani kwamba hilo ni janga. Namba za utafiti ni wastani wa makundi. Mgonjwa mmoja anaweza kuwa na TNFAIP3 ya chini akatembea, mwingine ya juu akalala kitandani. Dawa zipo na zinafanya kazi: mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza tatu za MS kwenye orodha ya dawa muhimu, mojawapo ikiwa rituksimabu, ambayo hospitali kubwa zetu zinaijua tayari kwa saratani za tezi za limfu. Kinachokosekana mara nyingi ni kumwamini mgonjwa mapema, kabla ya shambulio la pili na la tatu, wakati bado kuna mengi ya kuokoa.

Basi nina maombi mawili. Ukiona kijana wa miaka 20 au 30 jicho lake moja limefifia kwa siku chache huku likiuma akiligeuza, usimwache anunue matone dukani. Mpeleke kwa daktari wa macho, na jicho likirudi lenyewe mpeleke vilevile, tena mwombe daktari wa neva amwangalie. Na yule aliyetembea jana, leo akakwambia hawezi, usimwambie kwamba jana ulimwona mzima.